Kilo Hazifanani: Kupunguza Uzito wa Gari la Barabarani na la Uwanja wa Mbio

Mteja akiniletea gari lake la spoti na kusema, "Fundi, nataka lipungue," mimi humuuliza kitu kimoja kabla sijagusa spana: lina kilo ngapi sasa hivi? Wengi hunitajia namba ya kwenye kitabu cha gari. Hiyo naiandika pembeni kwa penseli, kwa sababu watengenezaji hawapimi kwa namna moja. Mmoja hupima gari kavu, bila mafuta wala vimiminika vingine. Mwingine hupima tangi likiwa karibu kujaa, na kuongeza kilo 75 za dereva na kabegi kake. Namba mbili zikifanana kwenye karatasi, magari yenyewe yanaweza kuachana kwa kilo mia.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye mizani: vipimio vinne, kimoja chini ya kila tairi, sakafu iwe imenyooka kwa pima maji, tairi ziwe na upepo sawa, mafuta kiasi unachokijua, na dereva mwenyewe ameketi kitini. Kisha nafungua daftari lenye safu mbili. Ya kwanza ni uzito wa kila kinachotoka. Ya pili ni mahali kilipotoka. Vijana hujaza ya kwanza tu, halafu wanashangaa gari limepungua lakini haliendeki.

Faida yenyewe ni rahisi kuiona kwa hesabu. Chukua gari la kilo 1,300 lenye nguvu ya farasi 200. Kila farasi anavuta kilo 6.5. Toa kilo 100, sasa anavuta kilo 6. Ili upate uwiano huo bila kupunguza chochote ungehitaji farasi karibu 217, na hao wangekusaidia kwenye nyoofu tu. Uzito uliotoka unakusaidia kila mahali. Kufunga breki kutoka kilomita 200 kwa saa hadi kusimama, gari la kilo 1,300 linaziachia breki nishati ya takriban megajuli 2. La kilo 1,200 linaachia pungufu kwa karibu asilimia 8. Rudia hilo kila kona nzito, mzunguko baada ya mzunguko, utaona pedi na diski zinavyodumu.

Kwenye kona kuna jambo ambalo halionekani haraka. Tairi likikandamizwa zaidi hushika zaidi, lakini si kwa uwiano ule ule: ukilitwisha mzigo maradufu, mshiko wake hauwi maradufu. Hivyo gari jepesi, kwa tairi zile zile, hukata kona kwa kasi kubwa kuliko zito.

Sasa anwani ya kilo. Kila ninapotaka kutoa kitu najiuliza kiko juu kiasi gani, kiko mbali kiasi gani na katikati ya gari, na kama kinazunguka au kimening'inia chini ya springi. Kilo iliyo kwenye paa hulaza gari kwenye kona kuliko kilo iliyo sakafuni. Ndiyo maana anayeniuliza kabla ya kununua, mimi humwambia atafute toleo lisilo na kioo cha paa kinachofunguka. Kile kioo pamoja na mota na reli zake kinaweza kufika kilo 20, na zote ziko pale pabaya kuliko pote. Umbali nao una ukali wake: kilo 10 zilizo mita 2 kutoka katikati hulipinga gari kugeuka sawasawa na kilo 40 zilizo mita 1. Bampa, boneti, buti na sailensa ya nyuma zina maana kubwa kuliko mizani inavyosema.

Kuhusu vinavyozunguka, vijiweni utasikia kwamba kilo 1 ya gurudumu ni kilo 10 za bodi. Si kweli. Kitu kinachozunguka huku kikisonga mbele hubeba nishati mbili, ya kusonga na ya kuzunguka, na kwa uzito ulio ukingoni kabisa mwa tairi hizo mbili zinalingana. Kwa hiyo kilo ya ukingoni huhesabika kama kilo 2 gari linapoongeza mwendo, na iliyo karibu na ekseli kama moja na ushei. Basi. Faida kubwa ya rimu nyepesi iko kwingine: shokapu ndiyo yenye kazi ya kulituliza gurudumu lililoruka kwenye kibonde, na gurudumu zito huchelewa kutulia. Tairi lililo hewani halishiki chochote. Rimu ya kufuliwa ya inchi 18 inaweza kuwa na kilo 8 wakati ya kumimina ya ukubwa ule ule ina 11. Lakini angalia na tairi lenyewe, maana watu hununua rimu nyepesi kwa pesa nyingi halafu wanaivisha tairi pana lililo zito kuliko la zamani.

Makosa yangu makubwa niliyafanya kwenye kupe yangu mwenyewe, yaani gari la milango miwili, injini mbele, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Nilitoa vilivyokuwa rahisi: tairi la akiba na jeki, siti ya nyuma, mazulia, spika la besi, lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa kwenye sakafu ya buti, na sailensa kubwa ya nyuma. Kilo 71. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Sikuwa nimeitazama safu ya pili ya daftari, ambako karibu kila mstari ulisomeka "nyuma". Gari lililokuwa na asilimia 52 ya uzito mbele likawa na zaidi ya 54, na springi za nyuma, zikiwa zimepunguziwa mzigo, zikainua mkia kwa milimita 12 hivi. Siku ya uwanjani, kwenye kona ya kwanza ya kasi, nilikanyaga breki huku nikiwa nimeshaanza kugeuza usukani, na nyuma ikataka kuwa mbele. Nilizunguka mara moja na nusu na kusimama kwenye majani nikitazama nilikotoka.

Dawa haikuwa kurudisha zile kilo. Nilihamisha betri kutoka puani kwenda nyuma ya kiti cha abiria, nikabadilisha springi za nyuma, nikashusha urefu wa gari, nikapima upya kwa vile vipimio vinne mpaka jumla ya pembe mkabala (mbele kushoto na nyuma kulia) ikawa nusu ya uzito wote. Waya mnene wa shaba wa kufika huko nyuma uliongeza karibu kilo 3, na bado gari likawa bora. Ukifanya hivyo, fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri. Waya mrefu usio na fyuzi unaopita kwenye bati ni moto unaosubiri siku yake.

Betri ndipo penye kilo za bei nafuu kuliko kwingi. Ya risasi na asidi ya gari la namna hii ina kilo 15 hadi 20. Ya lithiamu na fosfeti ya chuma inaweza kuwa na 5. Ila ina masharti yake: haipendi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, haipendi joto la kukaa jirani na ekzosi, na alternata inayopandisha volti kupita kiwango cha mtengenezaji wa betri itaiua. Tena ujazo wake mara nyingi ni mdogo. Gari likilala wiki mbili alamu ikiwa hai, utakuta limezimika kabisa. Kwa gari linaloegeshwa muda mrefu mimi huweka swichi ya kukata umeme.

Viti ni pazuri na ni pagumu. Kiti cha asili chenye mota, kipasha joto na mfuko wa hewa ubavuni kinaweza kupita kilo 25. Kiti cha kombe cha nyuzi za kioo au kaboni kina 6 hadi 8, ongeza reli na vishikio, na wengi husahau hivyo vishikio, ambavyo vikiwa vya chuma kinene hula sehemu nzuri ya faida. Kwa hiyo viti viwili vinaweza kukupa kilo 30, zote ndani ya eneo la katikati. Lakini umepoteza mfuko wa hewa wa ubavuni, na taa ya dashibodi itawaka kukukumbusha. Anayetaka kuendelea na mikanda ya pointi sita namsimamisha hapo. Mkanda huo unakushikilia umekaa wima. Gari likipinduka na paa likibonyea, huna pa kwenda, kwa hiyo mkanda huo unadai keji ya chuma, yaani fremu ya mabomba ndani ya gari ya kuzuia paa lisibonyee. Keji ina kilo 30 na zaidi, na ukiwa barabarani bila helmeti kichwa chako kiko sentimita chache kutoka kwenye bomba. Gari linalokwenda kazini Jumatatu na uwanjani Jumamosi, mimi huliachia mkanda wake wa pointi tatu.

Ekzosi sina mengi ya kusema. Titani ina kama asilimia 57 ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule, na sailensa ya nyuma iko mbali na katikati, kwa hiyo unapata mara mbili. Angalia kikomo cha kelele cha uwanja wako kabla hujalipa.

Boneti ya kaboni ni mtego. Nimepima zaidi ya moja iliyokuwa kaboni kwa juu tu, chini nyuzi za kioo nzito, na ikatoka na uzito ule ule wa boneti ya alumini iliyokuja na gari. Kama ya asili ni ya chuma, sawa. Kama ni ya alumini, weka pesa zako kwenye diski za breki za vipande viwili, zenye kitovu cha alumini.

Lami ya sakafuni watu huitoa kwa barafu kavu. Kaboni dioksaidi iliyogandishwa ina nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukiimwaga juu ya lami inakuwa kama kigae, unagonga kwa nyundo inapasuka. Milango na vioo viwe wazi kabisa, kwa sababu gesi inayotoka hukaa chini na kusukuma hewa unayoivuta wewe uliyeinama sakafuni. Utapata kilo kadhaa, na utasikia kila kokoto inayogonga bati. Kwenye buti ni sawa. Chini ya miguu ya dereva, karibu na ukuta wa injini, sitoi tena.

Mafuta ni uzito unaojazwa na kutolewa bure. Lita moja ya petroli ina kilo 0.75 hivi, kwa hiyo kuingia uwanjani na lita 20 badala ya 60 ni kilo 30. Niliwahi kupunguza hadi lita 8, nikajiona mjanja, mpaka kona ndefu ya kulia ikasukumia petroli yote upande mmoja wa tangi na pampu ikavuta hewa. Injini ilikohoa nikiwa katikati ya kona. Kila tangi lina kiwango chake. Kitafute polepole, si kwa mwendo wa mbio.

Na kiyoyozi? Kinatoa kilo 15 hadi 20, nyingi zikiwa puani. Lakini ndicho kinachokausha kioo cha mbele siku ya mvua, na gesi yake lazima ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. McLaren F1 ya mwaka 1992, gari ambalo mbunifu wake Gordon Murray alilihangaikia gramu kwa gramu mpaka likatoka na kilo 1,138, lilikuwa na kiyoyozi. Sioni haya kukiacha.

Viwanda vyenyewe vimefanya kazi hii vizuri mara chache, na inafaa kutazama walivyofanya. Porsche walipotengeneza 911 Carrera RS 2.7, toleo la wepesi lilishuka hadi kilo 960: bati jembamba, vioo vyembamba, hakuna siti za nyuma, milango ina kamba za kuvuta. Honda walitoa kama kilo 120 kwenye NSX-R ya mwaka 1992, kisha wakaongeza vipande vya alumini sehemu ya mbele ili kukaza chesisi. Kilo zile walizozirudisha ndizo zinazonifundisha zaidi.

Vitu nisivyogusa ni vyuma vya ndani ya milango, nondo ya nyuma ya bampa, mifuko ya hewa ya mbele na mfumo wa breki usiofunga magurudumu. Sitoboi matundu kwenye kitu chochote kinachobeba bodi. Na vioo vya plastiki, ambavyo ni nusu ya uzito wa kioo, vinakwaruzika haraka na sehemu nyingi sheria haivikubali barabarani, kwa hiyo nimeviacha kwa magari ya mbio tupu.

Kupe yangu sasa ina kilo 1,168, mimi sijaingia. Daftari linaonyesha kwamba tangu mwaka ule wa kwanza nimerudisha kilo 9: zulia la mbele, redio ndogo, na kipande cha lami chini ya pedali. Mwezi ujao naibadilishia diski za mbele.