Kikombe cha fedha cha Sabato si kalisi

Wengi wakiona kikombe cha fedha mezani kwa Wayahudi Ijumaa jioni, Sabato inapoanza, hudhani ni chombo kitakatifu, kama kalisi ya kanisani. Sivyo. Kinachotakaswa ni siku yenyewe, kwa kufuata amri ya Kutoka 20:8: “Ikumbuke siku ya Sabato uitakase.” Mwenye nyumba hushika kikombe kilichojaa divai, husoma baraka mbili, moja ya tunda la mzabibu na nyingine ya siku, kisha hunywa na kuwagawia waliopo. Dua hiyo huitwa kidushi.

Fedha si sharti. Kioo kinafaa, hata udongo. Sheria ya Kiyahudi hudai kikombe kiwe safi, kizima, na kichukue kipimo kiitwacho reviiti: mililita 86 kwa hesabu ya Rabi Avraham Chaim Naeh, takriban 150 kwa wafuasi wa rabi mwingine, Chazon Ish. (Marabi kubishana juu ya ujazo si jambo geni.) Fedha hupendwa kwa sababu kuipamba ibada ni heshima kwa Mungu. Divai ikikosekana usiku huo, kidushi husomwa juu ya mkate, na kikombe hubaki kabatini.