Anza na miguu: ninavyoipanga pikipiki imfae anayeiendesha

Vua kiatu cha mguu wa kushoto utazame juu ya kidole gumba. Ukikuta sugu nyeusi iliyokomaa, ujue imewekwa na pedeli ya gia. Nimeziona sugu hizo kwa vijana wa miaka ishirini ambao hawajawahi kushika jembe. Kila gia anayoinua, kidole kinasuguliwa na chuma, na kwa siku moja ya kazi mjini anainua gia mara mia kadhaa. Wengi wanadhani ndivyo kazi ilivyo. Sivyo. Pedeli iko chini kuliko mguu wake, na kuipandisha ni kazi ya dakika kumi.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Morogoro. Wateja wangu wengi ni bodaboda wa mjini na vijana wanaopanda Mgeta, kule milimani, kufuata kabichi na karoti. Akija mtu analalamika, mara nyingi hataji miguu. Atataja kiuno, mabega, au ganzi ya vidole vya mikono, na atakuwa tayari ameamua dawa: nibadilishie siti, niwekee usukani mrefu. Namsikiliza, halafu naanza na miguu.

Sababu ni hii. Ukiwa juu ya pikipiki unagusana nayo sehemu tatu: makalio, mikono na miguu. Mikono kazi yake ni kuongoza, kubana breki na klachi. Haikuumbwa kubeba kiwiliwili saa kumi kwa siku. Makalio yanabeba, lakini hayana springi. Tuta likipiga, pigo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Miguu ndiyo yenye maungo matatu ya kukunja, nyonga, goti na kifundo, na ndiyo inayoweza kupokea pigo likaishia hapo. Miguu isipobeba sehemu yake, mzigo haupotei. Unahamia kiunoni au kwenye viganja, na mwenye pikipiki anaanza kuilaumu siti.

Kwa hiyo nampandisha mteja kwenye pikipiki yake ikiwa kwenye stendi kubwa, akae kama anavyokaa siku zote. Namwambia anyanyue viganja kidogo tu kutoka kwenye usukani bila kusogeza mwili. Akianguka mbele, mikono yake ilikuwa imebeba. Kisha namwambia asimame juu ya futiresti, vile vyuma vya kukanyagia, bila kujivuta kwa usukani. Ambaye miguu yake iko chini ya mwili, karibu na mstari wa magoti kushuka chini, atasimama kama anayeinuka kwenye kigoda. Ambaye miguu iko mbele mno hawezi kabisa, atajivuta. Jaribio hilo la pili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu barabara zetu zimejaa matuta, na mtu asiyeweza kujiinua kidogo akifika kwenye tuta atalipokea lote na kifandugu.

Ndiyo maana anayeniuliza anunue pikipiki ya mtindo gani namjibu kwanza kwa kumtazama miguu. Zile kubwa za kulalia nyuma, futiresti ziko mbele karibu na gurudumu, zinapendeza kwenye lami ndefu iliyonyooka. Miguu imenyooka, upepo unapiga kifua, raha tupu. Lakini miguu iliyonyooka mbele haibebi chochote, na kilomita thelathini za barabara ya vumbi zitakuonyesha. Zile za mashindano zina kasoro iliyo kinyume: futiresti ziko nyuma na juu, goti limekunjwa sana, kiwiliwili kimelala juu ya tangi. Kwa mwendo mkali upepo unasaidia kukibeba kifua. Kwenye foleni hakuna upepo, basi viganja ndivyo vinavyobeba. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 au 150, hii ya kazi ambayo watu wanaidharau, ndiyo imekaa vizuri zaidi kwa mwili wa mtu anayeshinda juu yake. Wala siisifu kwa sababu ni rahisi kununua. Ningekuwa na hela ya kuchagua yoyote, bado ningetaka futiresti chini ya magoti yangu.

Turudi kwenye pedeli ya gia. Imeshikwa kwenye shafti yenye meno madogo kuizunguka, na inabanwa na bolti moja, mara nyingi ya spana namba 10. Ukiitoa na kuirudisha jino moja juu, ncha yake inapanda takribani sentimita mbili. Hizo sentimita mbili ndizo tofauti kati ya mguu unaopinda kwenye kifundo tu na mguu unaolazimika kunyanyuka mzima. Kipimo changu: kaa, weka wayo kwenye futiresti kama kawaida, uache kifundo kilegee. Ncha ya pedeli iwe usawa wa juu ya kidole gumba, au chini yake kidogo sana, kiasi kwamba kidole kinaingia chini ya pedeli bila kisigino kuondoka na bila goti kufunguka nje. Kisha kanyaga. Kama unaweza kukanyaga na kuinua huku uvungu wa wayo haujaiacha futiresti, hapo ndipo penyewe.

Sasa kuna jambo linalowaponza vijana wanaojifanyia wenyewe. Bolti ile haibani tu. Kwenye pikipiki nyingi inapita katika mfereji uliochongwa kwenye shafti. Ukiilegeza tu halafu uanze kugonga pedeli kwa nyundo itoke, haitoki, na kinachoumia ni shafti na vilivyo ndani ya injini. Itoe bolti nzima. Ingiza bisibisi bapa kwenye ufa wa pedeli uupanue kidogo, halafu ivute kwa mkono. Kabla ya hapo weka alama ya rangi au msumari kwenye shafti na pedeli, ili usipopenda mabadiliko ujue pa kurudi.

Na tafadhali, usikubali pedeli ichomelewe. Naona kila mwezi. Bolti ililegea, mtu akaendelea kuendesha, meno yakalika, pedeli ikaanza kucheza, halafu mtu wa welding akaiunganisha na shafti moja kwa moja. Joto lile linaunguza oili sili, raba inayozuia oili isitoke, injini inaanza kuvuja hapo hapo. Zaidi ya hilo, siku ya kubadilisha sproketi ya mbele kava la kushoto halitoki bila kukata chuma. Pedeli mpya ni bei ya kawaida. Ukiona inacheza, inunue mapema kabla shafti nayo haijalika, kwa sababu kubadilisha shafti ni kupasua injini.

Kiatu nacho ni sehemu ya kipimo. Huwa nawaambia wateja waje wamevaa kile wanachoendeshea. Kijana mmoja wa Mlali nilimpangia pedeli vizuri kabisa akiwa na yeboyebo. Masika yakaingia, akavaa gambuti, akarudi analalamika gia ya pili inamkatalia. Gia haikuwa na shida. Kiatu kimekuwa kinene, hakiingii chini ya pedeli, anainua nusu na gia inarudi neutro. Nikapandisha jino moja. Mvua zilipokatika alirudi nikashusha. Wengine hutatua hili kwa pedeli yenye pande mbili, ya kukanyaga mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, na kwa mtu wa kazi ni nzuri mno: hainui kitu, sugu haipati nafasi. Sharti futiresti isiwe karibu sana na upande wa kisigino, la sivyo mguu ukipumzika nyuma unabadilisha gia bila kutaka.

Wazee waliowahi kuendesha BSA na Triumph za zamani watakumbuka gia ilikuwa kulia na breki kushoto. Ni katikati ya miaka ya 1970 sheria za Marekani zilipotaka gia iwe kushoto, na watengenezaji wa Uingereza wakafuata kwa ajili ya soko lile. Naitaja kwa sababu inaonyesha kuwa mguu hujifunza. Utakachobadilisha leo utakiona kigeni kwa siku mbili tatu. Usirudishe siku hiyohiyo.

Upande wa kulia kosa linaweza kukutoa roho, kwa hiyo nalichukulia polepole. Pedeli ya breki iwe chini kidogo ya wayo uliopumzika, kiasi kwamba unaifikia kwa kushusha vidole, bila kunyanyua mguu. Ikiwa juu mno, mguu unalala juu yake bila wewe kujua. Taa ya nyuma inawaka muda wote, viatu vya breki vinalika, habu ya gurudumu inachemka. Ukihisi hivyo, endesha kilomita mbili bila kugusa breki ya nyuma, simama, udondoshee habu tone la maji. Likichemka, breki ilikuwa inashika njia nzima. Kwenye breki ya dramu rekebisha nati ya mwisho wa rodi huko nyuma, uache pedeli icheze sentimita mbili hadi tatu kabla ya kushika. Ukimaliza, rekebisha na swichi ya taa ya breki. Wengi huisahau, na anayekuja nyuma hajui kuwa unasimama.

Kuna desturi ya kuweka miguu juu ya gadi ya mbele kupumzisha magoti. Naielewa, goti lililokunjwa kwa saa nyingi linauma. Lakini kwa 50 km/h pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua nusu sekunde kushusha mguu na kuitafuta pedeli, umeshapita mita saba kabla breki haijaguswa, na mtoto aliyevuka hakuwa mita saba mbali. Kama magoti yanauma kiasi hicho, sponji ya siti imekufa na umezama. Irudishie unene, goti litafunguka.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha futiresti zenyewe zimenyooka. Pikipiki ikianguka upande mmoja, chuma kinapinda juu na nyuma, na mguu huo unaanza kukaa tofauti na mwenzake. Mtu anapanga pedeli kufuata futiresti iliyopinda, halafu kiuno kinamuuma upande mmoja asijue kwa nini. Kifungue chuma chote, kinyooshwe nje ya pikipiki. Ukiingiza bomba na kukivuta kikiwa kimefungwa, nguvu ile inaishia kwenye bolti na masikio ya chesisi. Raba zake nazo zirudishwe. Injini ya silinda moja inatetemeka, na raba ndiyo inayozuia ganzi ya nyayo.

Abiria anabadilisha yote haya. Anakusukuma mbele kila unapobana breki, na siti ikiwa na mteremko kuelekea tangi, jioni utajikuta unakaa kwenye tangi. Ukikaa mbele hivyo, kifundo cha mguu wa kulia kinapinda juu kupita kiasi, na huwezi tena kukanyaga breki kwa vidole. Ni lazima unyanyue mguu mzima. Huo ndio ubaya wa mishikaki, kupakia abiria zaidi ya mmoja, ambao hausemwi: mbali na uzito, dereva anakuwa ameondolewa kwenye breki yake. Anayebeba abiria kutwa aongeze ukali wa springi za shokapu za nyuma kwa kuzungusha kola yenye ngazi, ile pete inayobana springi, pande zote mbili ngazi sawa, na ajipime akiwa na mtu nyuma. Wa Mgeta nao wajipime na mzigo ukiwa umefungwa, maana wanaposhuka na magunia yale mteremko unawasukuma zaidi ya abiria yeyote.

Mwalimu mmoja alikuja hajafika chini, anagusa kwa ncha za vidole. Alikuwa ameshauriwa akate springi. Nikamwomba asifanye hivyo. Springi iliyokatwa inagonga mwisho kwenye kila shimo, na stendi ya pembeni inaisimamisha pikipiki vibaya. Tatizo lake halikuwa kimo cha siti, ni upana wake. Siti pana mbele inafungua mapaja na kula urefu wa miguu. Fundi wa siti alipunguza sponji kwenye pembe mbili za mbele, katikati akaiacha nene, na sisi tukashusha kola ya shokapu hadi ngazi ya chini. Sasa anakanyaga na nusu ya wayo wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye breki. Inatosha.

Usukani nauacha mwisho, na mara nyingi miguu ikishakaa sawa hauhitaji kitu. Ukihitaji, legeza bolti za klampu uuzungushe kidogo kidogo, kisha uelekeze leva za breki na klachi zifuate mstari wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, kifundo cha mkono kisipinde. Ukiweka usukani mrefu zaidi, washa injini uukate kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Injini ikipanda mlio yenyewe, waya wa mafuta ni mfupi. Usitoke nayo barabarani.

Baada ya siku mbili rudi kwenye bolti ya pedeli ya gia, kwa sababu huwa inalegea kidogo meno yakishakaa. Spana namba 10, robo mzunguko, bila kuining'inia.