Presha ya mapafu: kwa nini upande wa kulia wa moyo unachoka?

Presha yangu ya mkononi ni 120/75. Inakuwaje niambiwe nina presha?
Kipimo cha mkononi kinasoma damu inayotoka upande wa kushoto wa moyo kwenda mwilini. Upande wa kulia una njia yake, ya kwenda mapafuni, na hiyo hufanya kazi kwa nguvu ndogo sana: kwa mtu mzima mwenye afya aliyepumzika, wastani ni kama milimita 14 za zebaki. Ukizidi 20, hiyo ndiyo presha ya mapafu.

Ina maana mishipa imeziba?
Kuziba na kusinyaa ni sehemu ya tatizo. Sehemu nyingine, inayosahaulika mno, ni kukakamaa. Ateri ya mapafu (mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni) yenye afya hutanuka moyo unapopiga, hupokea damu, kisha hunywea kama mpira na kuisukuma mbele. Ikikakamaa haipokei, na mzigo wote unabaki kwa chemba ya kulia, ambayo ukuta wake ni milimita 3 hadi 5 tu. Kwanza chemba hiyo hujenga misuli. Ikishindwa, hutanuka na kuusukuma ukuta wa katikati ya moyo. Kwenye eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), chemba ya kushoto iliyopaswa kuonekana duara hubonyea ikafanana na herufi D. Haijai vizuri tena, damu ya mwilini inapungua, na mgonjwa anazimia akipanda ngazi.

Chanzo ni nini?
Mara nyingi ni ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo. Vyanzo vingine ni makovu ya kifua kikuu, uvutaji sigara wa miaka mingi, damu iliyoganda mapafuni, selimundu na VVU. Kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, usisahau kichocho cha tumbo: kikishaathiri ini, mayai ya minyoo yake huweza kufika mapafuni na kuharibu mishipa midogo.

Nyumbani niangalie nini?
Jipime uzito kila asubuhi, ukishakojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji, nenda kliniki. Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba sekunde 10: shimo likibaki, mguu umevimba.

Nasikia sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa, inatibu. Ninunue?
Hapana, tafadhali! Inasaidia aina fulani tu. Kama chanzo ni upande wa kushoto, kulegeza mishipa ya mapafu kunaweza kumwaga damu kwenye moyo usioweza kuipokea, mapafu yakajaa maji. Na ukiichanganya na dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha ya mwili inaweza kuporomoka ghafla.