Je, wajua? Samaki wenye alama wakiadimika wavuni, huenda bwawa limejaa samaki

Mtaalamu wa uvuvi anaweza kuvua bwawa mara mbili tu kisha akataja idadi ya samaki wote waliomo, hata wale ambao hawajawahi kugusa wavu wake. Mara ya kwanza huwatia alama samaki aliowapata na kuwarudisha majini wakiwa hai. Siku chache baadaye huvua tena, akahesabu wangapi kati ya waliokamatwa wana alama.

Tuseme waliotiwa alama ni 200. Mara ya pili wamevuliwa 150, na wenye alama ni 12 tu. Wengi wakiona hivyo husema bwawa limeisha: 200 walirudishwa, wameonekana 12, basi waliobaki ni haba. Hesabu inasema kinyume chake. Kadiri wenye alama wanavyoadimika wavuni, ndivyo samaki wote wanavyokadiriwa kuwa wengi zaidi.

Chukua kijiko kimoja cha chumvi, ukitie kwenye maji ambayo hujui wingi wake, ukoroge, kisha uonje. Ikiwa imekolea, maji ni kidogo. Ikiwa huisikii vizuri, hujaibiwa chumvi. Maji ndiyo mengi. Samaki 200 ndio kijiko, bwawa ndilo maji, na wavu wa pili ndio kuonja. Kati ya 150, wenye alama 12 ni asilimia 8. Kama 200 ni asilimia 8 ya samaki wote, wote ni 2,500. Yaani 200 mara 150, gawanya kwa 12.

Wapo wanaodhani tatizo ni mvuvi: angevua vizuri, angepata wenye alama zaidi na jibu lingebadilika. Wenye alama angewapata zaidi, ndiyo, lakini na wasio na alama pia. Akivua 75 badala ya 150, atarajie wenye alama 6, na jibu linabaki 2,500. Uonje kwa kijiko au kwa kikombe, chumvi ni ileile. Kinachopungua ni uhakika, kwa sababu namba ndogo huyumbishwa sana na bahati.

Kanuni hii hutajwa kwa majina ya Johannes Petersen, Mdenmaki aliyeweka alama samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Frederick Lincoln, Mmarekani aliyeitumia kwa bata mwaka 1930. Kabla yao mwanahisabati Mfaransa Laplace alikuwa ameshakadiria watu wa Ufaransa kwa hesabu ya namna hiyohiyo, bila kuvua mtu yeyote.

Wenye alama wakiwa wachache, kanuni hiyo ya kawaida hupandisha jibu kuliko inavyostahili. Rekebisho la mwanatakwimu Chapman la mwaka 1951 huongeza moja kwenye kila namba, kisha hutoa moja mwishoni: 201 mara 151, gawanya kwa 13, toa 1. Unapata takriban 2,334. Hata hivyo, kwa wenye alama 12 tu, idadi halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 1,400 na 4,200. Anayetangaza 2,334 bila kutaja mipaka hiyo anauza uhakika asio nao.

Kuna pia makosa ambayo hesabu haiyatibu. La kwanza ni alama kudondoka. Robo ya samaki wakipoteza vibandiko vyao, wale 12 watakuwa 9, na kanuni ya kawaida itaruka kutoka 2,500 hadi 3,333 bila samaki hata mmoja kuzaliwa. Dawa yake ni kumwekea kila samaki alama mbili, kwa mfano kibandiko chenye namba mgongoni na pezi moja la tumboni lililokatwa ncha. Wanaorudi na pezi lililokatwa lakini hawana kibandiko ndio wanaoonyesha kiwango cha upotevu. Wanaokufa kwa kushikwashikwa nao huharibu hesabu vilevile, ndiyo maana baadhi huwekwa usiku mmoja kwenye kizimba majini ili vifo vikadiriwe na kuondolewa kwenye zile 200.

La pili ni tabia. Samaki aliyenaswa akaumia huenda akakwepa wavu uleule, na jibu likavimba. Mnyama aliyepata chambo kitamu mtegoni hurudi kwa hiari, na jibu likasinyaa. Husaidia kubadili zana: kokoro mara ya kwanza, mitego mara ya pili. Na usiwaachie wote kwenye kona moja. Hiyo ni chumvi isiyokorogwa.

Ajabu ni kwamba vifo vya kawaida kati ya mavuo mawili haviharibu hesabu, mradi wenye alama na wasio nayo wafe kwa kiwango kimoja. Kumwaga jagi la maji yaliyokorogwa hakubadilishi ladha ya yaliyobaki. Jibu linakuwa la idadi ya siku ya kwanza. Wakiingia samaki wapya bila wengine kufa, jibu ni la siku ya pili. Yakitokea yote mawili, jibu huwa kubwa kuliko idadi ya siku yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mwanya kati ya mavuo hufanywa mfupi, wa kutosha tu samaki kuchanganyika, na kwenye kijito nyavu za kuzuia hufungwa juu na chini ya eneo mpaka uvuaji wa pili uishe.