Maana ya vichujio vya ukanda mwembamba katika picha za nebula

Kichujio cha ukanda mwembamba ni kioo kilichopakwa matabaka mengi membamba mno, kinachowekwa mbele ya kamera iliyofungwa kwenye darubini ili kipitishe sehemu ndogo tu ya mwanga, aghalabu yenye upana wa nanomita 3 hadi 7 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na hapa hupima urefu wa wimbi la mwanga, ambao ndio hutofautisha rangi). Mwanga unaoonekana kwa jicho la binadamu huanzia takribani nanomita 400 hadi 700, na kwa hiyo ni halali kuuliza kwa nini mtu anayepiga picha ya kitu hafifu aamue kuzuia mwanga mwingi kiasi hicho.

Sababu imo katika namna nebula, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi angani, inavyong'aa. Taa nyeupe za barabarani, na Mwezi unaoakisi mwanga wa Jua, hutoa mwanga wa rangi zote kwa mfululizo. Gesi ya nebula kama ile ya Tai, M16, haifanyi hivyo. Mionzi ya urujuanimno kutoka kwa nyota changa zenye joto kali hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za haidrojeni, na elektroni zinapokamatwa tena na kushuka ngazi kwa ngazi hutoa mwanga wa mistari michache, yaani rangi chache mahususi, ule maarufu zaidi ukiwa haidrojeni-alfa wa nanomita 656.3. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, na salfa iliyopoteza moja, husisimuliwa kwa kugongwa na elektroni zinazozagaa, nazo hutoa mistari yao: oksijeni kwenye 500.7, salfa miwili karibu na 672. Mstari huo wa oksijeni uliwasumbua wataalamu muda mrefu. Mwanaastronomia Mwingereza William Huggins aliuona mwaka 1864 alipochunguza nebula ya Jicho la Paka, na kwa kuwa haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, wapo waliodhani kuna elementi mpya angani, mpaka mwanafizikia Mmarekani Ira Bowen alipoeleza mwaka 1927 kwamba ni oksijeni iliyo katika gesi iliyotawanyika mno.

Kwa hiyo kichujio hupitisha karibu mwanga wote wa mstari unaotafutwa, huku kikizuia sehemu kubwa ya mwanga wa mji. Mtu aliye juu ya paa Dar es Salaam anaweza kuipiga picha M16, ambayo mwezi Julai hupita karibu na utosi. Gharama yake ni muda: kila picha huchukua dakika kadhaa, na nyingi hujumlishwa hadi zifikie saa kadhaa za kukusanya mwanga, darubini ikifuata mwendo wa anga wakati wote. Picha moja ya salfa ikifunguliwa kwenye kompyuta huwa karibu nyeusi tupu, yenye vitone vya nyota tu. Umbo la gesi hujitokeza baada ya picha kujumlishwa na mwangaza kuongezwa kwa uangalifu.

Suala la rangi ndilo linalozua mabishano. Kamera inayotumika mara nyingi haina rangi, hivyo kinachopatikana ni picha tatu za kijivu, moja kwa kila gesi. Haidrojeni na salfa zote ni nyekundu kwa jicho, na zikipewa rangi zao halisi hazitofautishwi. Ndiyo maana picha mashuhuri ya nguzo za gesi na vumbi za M16, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, iliipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu. Kuuita mpangilio huo uongo ni kuuonea, kwa kuwa kila rangi inaonyesha gesi iliyopo kweli. Jambo la kulaumiwa, kwa maoni yangu, ni picha kutolewa bila maelezo ya mpangilio uliotumika, hasa kwa kuwa haidrojeni huwa na nguvu kuliko nyingine, picha nzima ikaelekea ukijani, na wengi huugeuza uwe wa dhahabu kwa matakwa yao.

Vichujio hivi vina mipaka. Mwezi ukiwa mpevu, haidrojeni-alfa bado hupigika vizuri, lakini oksijeni huathirika zaidi kwa sababu anga hutawanya sana mwanga wa Mwezi upande wa buluu na kijani. Galaksi hung'aa hasa kwa mwanga wa nyota zake, hivyo kichujio cha haidrojeni-alfa huonyesha tu maeneo yake yenye gesi. Ama vumbi la buluu linaloizunguka Kilimia huakisi tu mwanga wa nyota, wenye rangi zote, na anayelipiga kwa kichujio cha ukanda mwembamba ataambulia nyota na mengine machache sana.