Kizuri chajiuza? Tesla na gharama ya kutotangaza

Kazi yangu ni kupanga na kununua nafasi za matangazo: redioni, kwenye televisheni, kwenye mabango ya barabarani. Mteja anayetaka kufyeka bajeti huniletea hoja ileile kila mara. "Mbona Tesla hawatangazi, na magari yanauzika? Kizuri chajiuza." Swali ni zuri na linastahili jibu refu kuliko ninalolitoa tukiwa tumesimama mlangoni.

Wasemao hivyo wana haki yao. Kwa miaka mingi Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, hawakununua matangazo ya televisheni, na kwenye taarifa zao za mwaka waliandika wazi kwamba habari za magazetini na sifa zinazopita mdomo kwa mdomo ndizo zinazowaletea wateja. Mwaka 2019 Elon Musk, mkuu wa Tesla, aliandika kwenye Twitter kwamba kampuni haitangazi wala hailipi watu maarufu waisifu, na kwamba fedha hizo huelekezwa kwenye gari lenyewe. Kwa kulinganisha, General Motors, watengenezaji wengine wa magari wa Marekani, mwaka 2022 walitumia takriban dola bilioni 4 kwa matangazo na promosheni.

Lakini mimi nikishika hesabu za kampuni siishii kwenye mstari ulioandikwa "matangazo". Nauliza: huyu mnunuzi alijuaje kuwa gari hili lipo, na ni nani aliyegharamia kujua kwake?

Anza na maduka. Watengenezaji wengi wa magari Marekani huuza kupitia mawakala, na mawakala nao hutangaza kwa fedha zao. Tesla walikataa njia hiyo, wakafungua maduka yao wenyewe, mengi yakiwa ndani ya majengo makubwa ya biashara, ambako mtu aliyefuata viatu anajikuta ameketi nyuma ya usukani. Kodi ya mahali kama hapo ni kubwa, na sehemu yake inanunua kilekile ninachokinunua mimi, yaani macho ya wapita njia. Ila kwenye vitabu inaandikwa kodi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni mpango wao wa kualika wateja, ulioanza 2015. Mwenye gari akimleta mnunuzi, alizawadiwa. Walioleta watu wengi sana waliahidiwa hata gari jipya la Tesla aina ya Roadster bila malipo. Januari 2019 Musk alitangaza kuufunga, kwa sababu ulikuwa unaongeza mno gharama ya magari. Fikiria hapo. Hizi ndizo sifa za mdomo kwa mdomo tunazoambiwa ni za bure, na mkuu wa kampuni mwenyewe anasema zimemlemea. Miezi michache baadaye mpango ulirudi, zawadi zikiwa zimepunguzwa.

Halafu kuna bei. Januari 2023 walishusha bei Marekani, baadhi ya magari kwa karibu asilimia 20. Chukua kalamu: ukipunguza dola 1,000 tu kwenye kila gari, kisha ukauza magari milioni moja, umesamehe dola bilioni 1. Sisemi punguzo ni tangazo. Punguzo humsukuma aliyekwisha kulitamani gari, na yule ambaye hajawahi kulifikiria halimfikii. Lakini zote mbili ni fedha zinazotolewa ili gari litoke. Muuza samani mmoja niliyemshauri alikuwa anajivunia kutotangaza kabisa. Tulipojumlisha mapunguzo aliyoyatoa kwa mwaka, yalizidi bajeti niliyokuwa nimemwombea.

Kuna vitu ambavyo kweli hakuna mteja wangu anayeweza kuviiga. Februari 2018 roketi ya SpaceX, kampuni nyingine ya Musk, ilirusha Roadster yake nyekundu angani, na dunia nzima ikatazama. Machi 2016 watu walipanga foleni kutoa amana ya dola 1,000 kwa Model 3, gari ambalo walikuwa hawajaliona, na wiki moja ikaleta oda zaidi ya 300,000. Ukiwa na jambo kama hilo, usinunue kwangu hata bango moja.

Je, waliwahi kulipia? Ndiyo, kidogo. Kwenye mkutano wa wanahisa huko Austin, Texas, tarehe 16 Mei 2023, Musk alikubali kujaribu matangazo kidogo aone matokeo yake. Yakafuata ya Google, YouTube na X, yaani Twitter ya zamani. Aprili 2024 timu iliyoyatengeneza ikavunjwa, naye akasema matangazo yalikuwa ya jumla mno, kiasi kwamba yangeweza kuwa ya gari lolote. Kwa kasoro hiyo namuunga mkono kabisa. Kwa haraka ile, hapana: gari si soda, mnunuzi hulifikiria kwa miezi, na jaribio lisilotimiza hata mwaka halipimi chochote.

Muda mfupi baadaye kampuni ililipia matangazo tena, safari hii kuwahimiza wanahisa wapige kura ya kuidhinisha malipo ya Musk, yaliyokuwa yamekadiriwa kufikia dola bilioni 56. Hakuna aliyeyaita ya jumla. Yalijua yanamsemesha nani, yanamtaka afanye nini, na kabla ya tarehe gani: 13 Juni 2024.