Sampuli, wastani na thamani ya p: wanafunzi wanavyodhani na ilivyo

Dhana: sampuli nzuri ni asilimia 10 ya watu wote.

Hii ndiyo inayovuruga tafiti nyingi za shahada ya kwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Asilimia 10 yao ni zaidi ya 538,000. Hata ukiwaita ndugu zako wote wakusaidie, hojaji hizo hamzimalizi. Fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, n = N ÷ (1 + Ne²), inaonyesha hali ilivyo: n ni sampuli, N ni idadi ya watu wote, e ni kosa unalokubali. Weka e = 0.05 (asilimia 5): watu 1,000 wanadai sampuli ya 286, watu 50,000 wanadai 397, na Dar nzima 400. Idadi ikishakuwa kubwa, kuongezeka kwake hakubadilishi kitu. Kilicho ghali ni usahihi: kushusha kosa kutoka asilimia 5 hadi 2.5 kunahitaji sampuli mara nne, yaani 1,600 hivi.

Dhana: nimefikisha 400, basi niko salama.

Fomula hiyo inachukulia kwamba watu wamechaguliwa kwa nasibu, yaani kwa bahati tu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa. Ukirusha linki ya hojaji kwenye makundi ya WhatsApp utapata wenye bando. Ukisimama kituo cha mwendokasi Kimara saa moja asubuhi utapata wanaowahi mjini. Ongeza hadi 4,000, upendeleo uko palepale. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu kama milioni 2.4 na kutabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wengi waliotumiwa hawakujibu.

Kwa hiyo tafuta orodha kamili kwanza, mpe kila mtu namba, chagua kwa namba za nasibu. Usiyemkuta nyumbani mrudie. Usimruke kwenda kwa jirani. Mwishoni andika wangapi hawakujibu.

Dhana: wastani unaonyesha mtu wa kawaida.

Wana bodaboda watano wameingiza kwa siku shilingi 12,000, 14,000, 15,000, 17,000 na 92,000. Wastani ni 30,000, na wanne kati yao hawaufikii hata kwa karibu. Namba ya katikati, 15,000, inawaeleza vizuri zaidi. Kwenye kipato, kodi za nyumba na muda wa foleni, andika zote mbili, wastani na namba ya katikati. Na ukiweka mwanaume = 1, mwanamke = 2, SPSS, programu ya takwimu, itakupa "wastani wa jinsia 1.6" bila kulalamika. Usiubandike kwenye jedwali.

Dhana: p = 0.03 maana yake nadharia tete (dai unalolipima) ina uwezekano wa asilimia 97 kuwa kweli.

Hapana. Maana yake ni kwamba, kama kweli hakuna tofauti kati ya makundi unayolinganisha, matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea mara 3 katika 100. Ukipima mambo 20 yasiyo na tofauti yoyote, tarajia moja lishuke chini ya 0.05 kwa bahati tu. Andika vipimo vyote ulivyofanya, hata vilivyogoma.